Usilipie mafunzo kabla hujajua nani anasaini benki

Mkuu, umeuliza kama ulipie mafunzo ya vijana watakaoendesha biashara ya jamii yao. Ishia hapo hapo, usitume hiyo hela. Ndiyo programu ile ile: vijana ishirini wa jamii ya asili, hoteli mjini, siku tano za "uongozi na ujasiriamali", ada yote mwanzoni, kisha cheti. Niliingizwa mkenge huo huo, na kilichobaki ni vyeti. Vimepigwa laminesheni lakini, mvua haiviwezi.

Kosa ni kumfundisha mtu asiye na mamlaka. Kijana anarudi anajua bajeti, anajua kupanga bei, anajua stoo. Anakuta akaunti ya biashara ndiyo ya jamii nzima, na wenye saini ni wajumbe watatu wa baraza la jamii ambao hakuna aliyewaita mafunzoni. Anaomba hela ya malighafi, wiki hiyo kuna msiba, hela inakwenda msibani. Hakuna aliyeiba, baraza limewatunza watu wake kama inavyolipasa. Ila oda imekosa mzigo, mnunuzi kahama, na lawama zote kwa "msomi". Mwaka hauishi ameshaondoka kutafuta ajira mjini, na cheti ulichomlipia ndicho anachoombea kazi.

Wanaouza hizo programu wanalijua hili vizuri sana. Hawaligusi kwa sababu kukaa na baraza ni kazi ya miezi, ila kukaa na vijana hotelini ni slaidi zile zile na picha mpya ya jalada. Aliyeniuzia mimi hata jina la mteja aliyetangulia hakulifuta.

Na si siri ya wataalamu. Watafiti Stephen Cornell na Joseph Kalt, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1987, waliona kwa makabila ya asili ya Marekani kuwa biashara ambayo wanasiasa wa kabila hawaingilii uendeshaji wake wa kila siku ina nafasi kubwa zaidi ya kupata faida.

Kwa hiyo saini kwanza, darasa baadaye. Itishwe mkutano wa jamii, kwa lugha yao, na waweze kusema hapana. Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linadai ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa, na karatasi ya mahudhurio ya kuchukulia posho si ridhaa. Wakikubali, fungueni akaunti ya biashara peke yake. Bodi iwe ya watu watano au saba, wa baraza wasizidi wawili. Saini mbili kati ya tatu, moja ya meneja, na kiwango ambacho chini yake meneja ananunua bila kuomba mtu. Halafu fungu la misiba na sherehe liandikwe: asilimia fulani ya faida baada ya kufunga hesabu za mwaka, pamoja na akiba ndogo ya dharura. Hili usiliruke hata kidogo. Msiba usipokuwa na fungu lake kwenye karatasi utakula mtaji, na hapo hakuna mzee atakayekuelewa, wala hapaswi.

Ndipo uite mwalimu. Watu wanane hadi kumi na wawili: meneja, mtunza hesabu, bodi, mweka hazina wa baraza, mzee mmoja au wawili. Siku mbili kila mwezi kwa miezi sita, huko huko kwao, risiti zao wenyewe ndizo kitabu. Kukiwa na mkalimani, punguza mada kwa nusu. Usipange tarehe bila kuuliza majira ya kazi na mila zao. Malipo kwa mafungu matatu, la mwisho litoke wakishafunga hesabu za miezi mitatu mfululizo bila mwalimu kushika kalamu. Akikataa sharti hilo, ameshakujibu.

Uliuliza pia cheti kipi kina uzito na kama mafunzo ya mtandaoni yanafaa; hayo yasubiri. Nenda benki kwanza, uliza majina yaliyo kwenye fomu ya saini, kisha urudi hapa utuambie.