Pizza tamu ya New York: anza na kipande kitupu

Mwaka wangu wa kwanza New York nilikula pizza mbaya nyingi kuliko nzuri. Nilikuwa natoka kazini usiku, njaa imenibana, naingia duka la kwanza lenye taa kali karibu na Times Square na kuchagua kipande kilichojazwa vitu vingi kuliko vyote: kuku, uyoga, pilipili hoho, zeituni. Kinarudishwa kwenye tanuri dakika moja, kinatolewa, nakila nikitembea. Unga kama mpira, jibini imeshakuwa ngozi, na nikifika nyumbani kiu hainiishi mpaka alfajiri. Nikawa nawaambia watu wangu Unguja kwamba sifa za pizza ya mji huu ni maneno matupu.

Aliyenitoa kwenye kosa hilo ni mzee mmoja wa Mombasa, dereva wa teksi, niliyekutana naye kwenye mwaliko wa futari Brooklyn. Nilipomlalamikia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, kwenu ukitaka kujua kama mtu anajua kupika wali, unaanza kwa kuonja biriani yake?"

Nikamwambia hapana, ningeonja wali mtupu.

"Basi huku kwa nini unaagiza kipande kilichofunikwa mpaka unga wenyewe huuoni?"

Sikuwa na jibu siku hiyo, lakini sasa ninalo. Sisi tumezoea pizza ya Forodhani, kule Unguja. Pale unga hukandwa, ukavutwa mpaka ukawa mwembamba kama karatasi, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, ukakunjwa na kukaangwa kwenye sahani la chuma. Ni tamu, lakini kinachosifiwa ni kilichomo ndani, unga ni wa kufungia tu. New York ni kinyume chake. Hapa pizza ni mkate kwanza, na ukiutafuta utamu wake juu ya mkate utazunguka mji mzima bila kuupata.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: kila duka jipya, anza na kipande kitupu. Unga, rojo ya nyanya, jibini, basi. Wenyeji wanakiita "plain" au "regular", na pizza nzima wanaiita "pie". Kipande kitupu hakina pa kujificha. Kabla ya kuuma, kinyanyue utazame chini yake. Unatafuta madoa ya hudhurungi yaliyotapakaa, mengine yakikaribia weusi. Ukikuta chini ni peupe kama chapati isiyoiva, tanuri haikuwa na moto wa kutosha au mpishi aliharakishwa. Kisha kikunje katikati kwa urefu, kama wanavyofanya watu wa hapa. Ukoko mzuri utalia kidogo bila kukatika, na ncha itainama bila kumwaga jibini mapajani. Wenyeji hawana mchezo na jambo hili la kukunja. Januari 2014 Bill de Blasio, ndiyo kwanza ameingia kwenye kiti cha umeya, alionekana Staten Island akila pizza kwa kisu na uma, na mji mzima ukawa hauna mazungumzo mengine.

Halafu nusa ukingo. Unapaswa kunukia mkate. Bibi yangu alikuwa akioka mikate ya mofa, anaibandika kwenye kuta za tanuri ya udongo, na alikuwa akitwambia kwamba unga usioachwa ukalala haunukii. Maneno yale nimeyakuta tena Brooklyn kwa wapishi wa pizza wenye asili ya Italia. Maduka mazuri huweka madonge yao kwenye jokofu siku nzima, mengine siku mbili au tatu, yaumuke polepole kwa hamira kidogo. Ndiyo maana ukingo unakuwa na vipovu, na ladha inakuwa na uchachu wa mbali. Unga wa haraka, uliotiwa hamira nyingi ili uuzwe leo leo, utakujaza gesi na ladha yake ni unga tu. Watu wengi hapa watakwambia siri ni maji, yanayotoka milima ya Catskill kaskazini ya mji. Ni kweli maji haya ni mepesi, yaani yana madini machache. Lakini mimi, kwa nilivyokula, sifa naipa subira ya unga na moto wa tanuri.

Na tanuri zina historia yake. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba pizza ya Marekani ilianza mwaka 1905 kwa Gennaro Lombardi, mtaa wa Spring, Manhattan. Mtafiti Peter Regas amechimbua magazeti na hati za zamani na kuonyesha kwamba kabla ya Lombardi alikuwepo mhamiaji mwingine, Filippo Milone, aliyefungua maduka ya aina hiyo. Vyovyote iwavyo, wahamiaji wale kutoka kusini ya Italia walikuta mjini tanuri za mikate zinazochomwa kwa makaa ya mawe, wakazitumia. Makaa yale hutoa moto mkavu unaozidi nyuzi 400 za Selsiasi, na pizza huiva kwa dakika chache: chini kumeungua kidogo, juu bado kuna majimaji. Kutoka hapo yakazaliwa mengine: Totonno's kule Coney Island mwaka 1924, John's mtaa wa Bleecker mwaka 1929, Patsy's kule East Harlem mwaka 1933. Tanuri hizo ni hazina. Sheria za hewa safi zimefanya iwe vigumu sana kujenga mpya, kwa hiyo zilizobaki ni za zamani na watu wanazilinda.

Jambo ambalo mgeni haambiwi ni kwamba nyumba nyingi za tanuri ya makaa haziuzi kipande kimoja. John's hawauzi kipande kabisa, lazima ununue pizza nzima, kwa hiyo usiende peke yako na njaa ndogo. Niliwahi kufika pale peke yangu, nikasimama mlangoni nikihesabu hela, nikageuka kurudi. Nenda na mwenzako au wawili.

Vipande ni dunia nyingine. Hivyo vilikuja pale tanuri za gesi zenye sakafu ya chuma au mawe zilipoenea, maana ni nyepesi kuziendesha na hazimtaki mpishi aliyezaliwa kwenye makaa. Moto wake ni mdogo zaidi, pizza inakaa muda mrefu kidogo, inatoka kavu na yenye nguvu ya kubebwa mkononi. Pizza nzima ya namna hii huwa na upana wa inchi 18 hivi na hukatwa vipande 8. Kama unataka kujua kipande cha New York kinavyopaswa kuwa, nenda Joe's, mtaa wa Carmine, karibu na kituo cha treni cha West 4th Street. Ilifunguliwa mwaka 1975 na Pino Pozzuoli, mzaliwa wa Naples. Hakuna pa kukaa pa maana, unasimama na sahani yako ya karatasi. Mimi huwapeleka wageni pale siku ya kwanza ili wapate kipimo. Wakishakila kile, kila kipande kitakachofuata watakipima nacho.

Sasa nizungumzie saa, maana wengi wanakosea hapa hata wakiwa kwenye duka zuri. Kipande unachokiona nyuma ya kioo kimeshaokwa; ukikiagiza kinarudishwa kwenye tanuri kupashwa moto. Si vibaya. Kikiwa kimetoka robo saa iliyopita, kule kupashwa kunaukausha ukoko ukawa mzuri zaidi. Kikiwa kimekaa tangu adhuhuri, hakuna moto utakaokifufua. Kwa hiyo nenda pizza inapouzika: saa sita hadi saa nane mchana watu wa maofisini wanapotoka, saa tisa wanafunzi wanapotoka shule, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Saa kumi ya Jumanne au Jumatano duka limepoa, na kioo kimejaa vilivyolala.

Na hata saa nzuri, usikimbilie kuagiza. Simama pembeni uangalie tanuri. Ukiona mpishi anaingiza pala lake na kutoa pizza nzima inayochemka, hapo sogea uombe kipande kutoka kwenye hiyo. Tunafanya hivyo hivyo kwa maandazi nyumbani: hakuna anayechukua ya juu ya beseni wakati mengine yanaepuliwa kwenye karai. Nimeomba hivyo mara nyingi na sijawahi kunyimwa. Wapishi wanapenda mtu anayejua anachokitaka.

Kwa Waislamu wenzangu, hapa nitasema wazi. Pepperoni ya kawaida ina nyama ya nguruwe, na soseji ya pizza vivyo hivyo. Kipande kitupu hakina nyama, lakini gurudumu la kukatia ni moja, limepita kwenye pizza zote za siku hiyo. Nilikaa miezi mingi bila kulifikiria jambo hili, na nilipoligundua lilinisumbua sana. Ukiagiza pizza nzima unaweza kuomba ikatwe kwa kisu kisafi, na wengi wanakubali. La nafuu zaidi ni kwenda mitaa yenye Waarabu na Waislamu wengi, kama Astoria kule Queens au Bay Ridge kule Brooklyn, utafute duka lenye alama ya halali. Huko utapata hata pepperoni ya ng'ombe. Kuhusu jibini, kuna wanaohoji kama kimeng'enya kinachogandishia maziwa kimetoka kwa mnyama wa halali. Uliza dukani, na ukibaki na shaka muulize sheikh unayemwamini.

Vile vipande vya dola 1, vilivyoenea sana baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, siku hizi vingi vimepanda bei. Sivibezi hata kidogo. Vilinilisha wakati mshahara wangu ulikuwa unaishia kwenye kodi ya chumba, na vikiwa vya moto vinakwenda. Usivitumie tu kuuhukumu mji.

Ukishakuwa na kipimo chako, ondoka Manhattan. Panda treni ya Q mpaka Avenue J, Brooklyn, uende Di Fara. Domenico DeMarco alifungua duka lile mwaka 1965 na kwa miongo mingi alitengeneza pizza kwa mkono wake mwenyewe, akimalizia kwa kukatia majani ya mrihani juu yake kwa mkasi. Alifariki Machi 2022, na familia yake imeendelea. Kwangu mimi pale ndipo nilipojifunza kwamba mafuta ya zeituni yanaweza kuwa kiungo kamili, si ya kulainishia tu. Kama una siku nyingine, nenda L&B Spumoni Gardens, kusini zaidi, iliyoanza mwaka 1939. Pizza yao ni ya mraba na nene, jibini imewekwa chini na rojo juu, kwa hiyo unga wa juu unabaki na unyevunyevu mtamu. Wengine hawaipendi kwa sababu hiyo hiyo. Mimi naipenda mno. Na Staten Island ipo: feri ni bure, na Joe & Pat's, ya tangu mwaka 1960, wana pizza nyembamba inayokatika kama biskuti.

Watu huniuliza nikibanwa nichague mahali pamoja tu, ningechagua wapi. Ningechagua Patsy's ya East Harlem, kwa sababu pale tanuri ya makaa na kipande cha kusimama vinakutana. Wana upande wa kuchukulia ambako unanunua kipande kimoja kilichotoka kwenye makaa, jambo ambalo ni nadra mjini. Panda treni namba 6, shuka 116th Street, tembea mpaka First Avenue. Vipande ni vidogo na vyembamba, kwa hiyo hesabu viwili au vitatu kwa mtu.

Shangazi alipokuja kunitembelea nilimpeleka huko siku ya tatu, baada ya kumpitisha Joe's kwanza. Kulikuwa na baridi, tukasimama ukutani na sahani zetu za karatasi. Sikuwa nimemfundisha chochote. Alikinyanyua kipande, akakitazama chini, akaunusa ukingo, akauma, akatafuna kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mama angeupenda ukoko huu." Tukarudi dirishani kuongeza viwili.