Usisaini kabla hujasoma kipengele cha siri ya biashara

Weka kalamu chini kwanza. Umeuliza ufuate sheria ipi, maofisa wafunzwe vipi, na mfumo upi wa akili mnemba unafaa kuchuja maombi ya ruzuku. Halafu ukapenyeza, kama jambo dogo tu, kwamba muuzaji anatamba na "usahihi wa asilimia 95" na kwamba vigezo vyake ni siri ya biashara. Hapo hapo ndipo nilipozama mimi, niliponunua mfumo kama huo.

Asilimia 95 ya nini? Chukua maombi 100,000, matapeli 1,000. Mfumo ukipatia 95 katika kila 100 pande zote mbili, unanasa matapeli 950. Safi. Ila kwa wale 99,000 wasio na kosa, unawatia doa watu 4,950. Orodha ya washukiwa ina majina 5,900, na zaidi ya wanane katika kila kumi wameonewa. Mfumo usiomshuku mtu yeyote ungekuwa na usahihi wa asilimia 99! Hesabu ya shule ya msingi hii, nami shahada ilikuwa ukutani ikinitazama.

Mshauri mwelekezi alinituliza: "Mwishoni kuna binadamu, atarekebisha." Binadamu gani? Huyo mwenye mafaili mia mezani, na skrini imeshaandika HATARI kwa wino mwekundu? Atabonyeza "kubali" akanywe chai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, kifungu cha 14, inautaja ugonjwa huu wa kuiamini mashine kupita kiasi. Mshauri hakuutaja, ankara yake aliikumbuka vizuri.

Uholanzi waliyaona. Februari 2020 mahakama ya The Hague iliusimamisha SyRI, mfumo wa serikali wa kusaka wadanganyifu wa misaada ya kijamii, sababu mojawapo ikiwa haukuwa wazi wala haukuweza kuhakikiwa. Januari 2021 serikali ikajiuzulu kwa kashfa ya wazazi walioitwa wadanganyifu wa posho za watoto.

Kwa hiyo: haki ya kukagua iwe ndani ya mkataba wenyewe, si kwenye barua pepe ya ahadi. Mkaguzi wa nje aone vigezo na data za majaribio. Kumbukumbu ya kila uamuzi ikae kwenye seva zenu. Makosa yahesabiwe kwa kila kundi la waombaji, maana wastani huficha anayeumia. Na muweze kuuzima mfumo bila kulipa fidia. Kisha mpeni muuzaji mafaili ya zamani yaliyokwisha kuamuliwa, majibu mbaki nayo nyinyi, mlinganishe. Akigoma, mwonyesheni mlango.

Mafunzo ya maofisa tutayazungumza. Kwanza bandika hapa hicho kipengele cha usiri, jina la muuzaji ulifute.