Bila gari pia utawaona: nenda Saiwa

Dada, umeuliza kama mtu anayetoka Kisumu kwenda Kitale kwa matatu anaweza kuona wanyamapori bila kukodi gari. Anaweza kabisa. Nenda Saiwa, kilomita ishirini na kitu kutoka Kitale, barabara ya Kapenguria. Shuka njia panda, umalizie kwa bodaboda. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita 3 za mraba, na humo watu hutembea kwa miguu.

Unayemwendea hasa ni nzohe, swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana hatopei, na akishtuka hujizamisha akaacha pua tu juu ya maji. Kwa hiyo lala Kitale, ufike getini mapema kabisa, upande jukwaa la mbao na unyamaze. Mimi nilikaa karibu saa nzima nikitazama matete matupu. Kisha yakatikisika, likatokea sikio, halafu jike mwekundu mwenye mistari myeupe, maji yamemfika tumboni, anatafuna taratibu. Nilisahau hata kupiga picha.

Ukirudi, inua macho mitini: kuna kima wa De Brazza, paji la rangi ya chungwa na ndevu nyeupe kama za babu. Korongo wenye taji utawasikia kabla hujawaona.

Beba darubini, hata ya kuazima. Na nguo nyeupe tafadhali ziache nyumbani.