Kabla hujanunua sarafu kwenye simu, kaa kwanza dukani kwa mzee

Senti kumi ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati, si sarafu ya bei. Zimejaa. Bibi yangu aliniachia tatu ndani ya kopo la maziwa pamoja na vifungo na sindano, na kwa miaka mingi niliziona ni senti za mkoloni tu: pembe za ndovu upande mmoja, taji upande wa pili. Siku niliyoichukua moja kwenda kumwonyesha mzee mwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, Zanzibar, aliigeuzageuza, akanisogezea kioo chake cha kukuzia, akasema, "Soma jina, mwanangu."

Nikasoma: EDWARDVS VIII.

"Huyo hakumaliza hata mwaka kwenye kiti. Kwao Uingereza hawakuwahi kutumia sarafu yenye jina lake. Sisi huku tulinunulia chumvi."

Alinieleza sababu. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, hivyo hazikuwa na kichwa cha mfalme, jina peke yake lilitosha. Edward VIII aliporithi ufalme wa Uingereza hapakuwa na haja ya kusubiri picha yake ikubaliwe. Mafundi walibadilisha jina na kazi ikaendelea. Ilipofika Desemba 1936 akaacha ufalme, na senti zake zimeshachapwa. Ndiyo maana mtoto wa Tandika anaweza kuwa nayo kwenye kopo la bibi yake.

Sikununua kitu siku ile, na mzee hakuniuliza utanunua nini. Alinimiminia kahawa, nikapewa na kashata. Nimekuwa mteja wake mpaka leo.

Naandika haya kwa sababu nawaona vijana wengi wameingia kwenye ukusanyaji wa sarafu, nami nafurahi sana. Lakini nawaona pia wakiingia dukani, wanapiga picha kila kitu kilichoko kwenye kabati la kioo, wanauliza bei, wanasema "nitarudi", kisha wanakwenda kuitafuta sarafu ileile kwenye mnada wa mtandaoni ng'ambo. Mwenye duka amewatolea vitu, amewasomea maandishi ya Kiarabu, amewaambia ipi nzima na ipi imechezewa. Wamechukua elimu yake bure wakapeleka hela kwa mtu wasiyemjua. Ndugu zangu, hilo si jambo zuri, na zaidi ya kutokuwa zuri, linawaumiza nyinyi wenyewe.

Fikirieni hesabu ya duka lile. Kodi ya chumba mjini, leseni, umeme. Sarafu aliyoinunua mwaka juzi bado imelala kwenye mtoto wa meza. Hela yake imefungwa humo. Watalii wanajaa Julai na Agosti, wanajaa Desemba, lakini wao wananunua kile kinachong'aa. Ikija masika, Aprili na Mei, mvua inapiga, vichochoro vitupu, na mzee anakaa siku tatu hajauza hata kijiko. Hapo ndipo mteja wa kudumu anaonekana. Mimi natoka Dar kwa boti makusudi wakati wa masika. Nakuta ana nafasi ya kuzungumza, ana haja ya mauzo, na vitu vilivyoingia baada ya msimu bado havijaguswa na mtu. Ukitaka ushauri mmoja tu wa faida kutoka kwangu, chukua huo.

Mwaka wa pili wa kwenda kwake nilifanya jambo ambalo sijalisahau. Alikuwa na sinia la shaba mlangoni, limejaa sarafu za kuwauzia watalii, chagua yoyote shilingi elfu tano. Nyingi zilikuwa zile sarafu za shaba ziitwazo pesa, za Sultani Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi, zile zenye picha ya mizani. Nikipekua chini nikahisi kipande kikubwa kuliko vingine. Nikakitoa. Kilikuwa kimechakaa, cheusi, lakini mnazi ulionekana wazi. Senti kumi ya Zanzibar ya mwaka 1908.

Kwa asiyejua: mwaka ule, enzi ya Sultani Ali bin Hamud, Zanzibar ilitaka kuwa na sarafu zake za senti mia kwa rupia. Zikachapwa senti moja, senti kumi na senti ishirini, zote zina mnazi. Mpango haukushika, nyingi zikayeyushwa. Leo kuikuta ni bahati, na bei yake si elfu tano hata kidogo.

Mzee wakati ule macho yalikuwa yameanza kumsumbua, mtoto wa jicho. Nilichanganya ile sarafu na pesa nne za mizani, nikalipa elfu ishirini na tano, nikaaga haraka. Kwenye boti nilikuwa nafurahi. Nilipofika nyumbani, furaha ilikuwa imeshaisha. Kila nilipoiweka chini ya taa niliona vidole vyake vinavyotetemeka vikihesabu noti zangu.

Wiki tatu baadaye nikarudi. Nikamwamkia, nikaiweka sarafu mezani, nikamwambia ni nini na thamani yake inafika wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua kuna jambo. Sarafu sikuijua. Lakini siku ile hukumaliza kahawa."

Tulikubaliana bei, nikamwongezea kwa awamu mbili. Halafu akainuka, akafungua mtoto wa meza ambao sikuwahi kuuona wazi, akatoa kitambaa cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na rupia za fedha za Mdachi, yaani Mjerumani, zile za Kaiser Wilhelm mwenye kofia ya chuma yenye tai, na sarafu mbili za heleri ishirini, chenji ya rupia hizo, zilizochapwa Tabora mwaka 1916. Vitu hivyo havikai kwenye kabati. Vinatolewa kwa mtu.

Nataka mjue alichonifundisha juu ya zile mbili za Tabora, kwa sababu hakuna picha ya simu ingenionyesha. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikuwa wamefunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, na chenji imekwisha nchini. Wajerumani wakaanza kuchapa wenyewe kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, kwa shaba iliyookotwa huku na kule, yakiwemo maganda ya mizinga. Ndiyo maana hazifanani: nyingine za shaba ya njano, nyingine shaba nyekundu, nyingine taji kubwa, nyingine taji dogo. Mzee aliziweka mbili ubavu kwa ubavu kwenye kiganja changu, akachukua kijiti cha meno. "Acha taji. Tazama herufi L mbili kwenye neno HELLER. Hii miguu yake imechongoka. Hii imejikunja." Nikatazama, na kweli. Wakusanyaji wanazitenganisha kwa miguu ya L, na baadhi ya aina ni adimu kuliko nyingine. Neno hela tunalolitaja kila siku limetoka kwenye hizo heleri, kama pesa ilivyotoka kwenye paisa ya Kihindi. Nililishika neno mkononi.

Sasa, kumshika mwenye duka mmoja kunataka nini? Kwanza, lipa kwa wakati. Ukiweka arbuni, weka na tarehe, na tarehe ikifika hela ifike, hata kwa simu. Mzee alinisimulia mteja aliyemwekea arbuni rupia mbili akapotea miezi minane. Muda wote huo hakuweza kuziuza. Pili, usipatane bei kila kitu kila siku. Kwa kitu kidogo lipa anachosema. Kikija kikubwa mtazungumza, naye atakumbuka. Nilipoacha kuvutana naye juu ya elfu mbilimbili, yeye mwenyewe akaanza kunitajia bei ya chini kabla sijafungua mdomo.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu: mwambie asisugue. Maduka mengi ya pwani yanasugua sarafu kwa ndimu na majivu, au kwa dawa ya kung'arishia shaba, kwa sababu mtalii anapenda king'aacho. Sarafu iliyosuguliwa imekwisha kwa mkusanyaji. Ule utando wa rangi uliochukua miaka mia kujijenga hauwezi kurudishwa. Mimi nilimletea mzee sarafu mbili za aina moja, moja imesuguliwa na moja haijaguswa, nikamwonyesha tofauti ya bei ambazo ningemlipa. Tangu hapo zinazomjia zikiwa na uchafu wake ananiwekea hivyohivyo. Nilimpelekea pia bahasha ndogo za karatasi, kwa sababu vile vifuko laini vya plastiki, kwa joto na unyevu wa bahari yetu, vinaacha utando wa kijani unaokula shaba. Uaminifu ni pamoja na kumsaidia afanye kazi yake vizuri zaidi.

Nne, mwuzie. Ukiwa na za ziada, mpelekee yeye kwanza. Usitegemee akupe bei unayoiona kwenye minada. Yeye naye ale, na huenda atakaa na kitu hicho mwaka mzima. Mimi napata nusu, wakati mwingine zaidi kidogo, na nashukuru, kwa kuwa nalipwa papo hapo bila gharama za posta.

Lakini uaminifu si upofu. Kuna duka jingine, si mbali na pale, niliuziwa reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya malkia wa Austria. Hizi zote zina mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia mwenyewe, kwa sababu ziliendelea kuchapwa kwa tarehe ileile vizazi na vizazi, na biashara ya pwani yetu ilizizoea sana. Ya kweli ina uzito wa gramu 28 na pointi kidogo. Yangu nilipoiweka kwenye mzani nyumbani ilikuwa 22. Nikairudisha kesho yake, mwenye duka akasema sarafu ikishatoka mlangoni hairudi. Sijarudi mimi pia. Kwa mzee wangu imetokea mara moja, rupia iliyokuwa ya bandia. Iliniumiza hata kumwambia. Akaipima, akakuta haifiki gramu 11.66, akanirudishia hela yote, akaitia msumari katikati mbele yangu ili isimdanganye mwingine. Basi nunua mzani mdogo wa vito, uende nao mfukoni. Mwenye duka mwaminifu hachukii ukipima. Akichukia, umeshapata jibu.

Tena usimlazimishe akupatie kila kitu. Nikitaka ile rupia kumi na tano ya dhahabu ya Tabora, yenye ndovu na mlima nyuma yake, ambayo zilichapwa elfu kumi na sita tu na kitu, najua nitaipata kwenye mnada mkubwa wenye wataalamu, na bandia zake ni nyingi mno kuinunua kwa mazoea. Nilimwambia hivyo waziwazi. Akacheka, akasema hata yeye asingethubutu kuinunua kutoka mkononi mwa mtu. Wala usimshawishi akutafutie sarafu za Kilwa zilizochimbwa. Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kitu kilichotoka ardhini kwenye magofu kinapoteza habari zake zote kikishang'olewa. Nilimwona akimfukuza kijana aliyekuja na vipande vyenye udongo. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Virudishe ulikovitoa," akaendelea kukunja gazeti.

Kitu kingine ambacho minada hainiuzii ni habari ya sarafu ilikotoka. Nina rupia moja ya Mdachi yenye alama ya kulehemiwa juu. Kwa wakusanyaji wengi hiyo ni kasoro, bei inashuka. Mzee aliinunua kwa mama mmoja wa Ng'ambo, mtaa wa hapohapo Zanzibar, ilikuwa kwenye mkufu wa bibi yake, ikavaliwa harusi tatu. Nimeiandika habari hiyo kwenye bahasha yake kwa kalamu ya risasi, pamoja na mwezi niliyoinunua.

Siku hizi mzee haketi dukani kila siku. Mjukuu wake wa kike ndiye anafungua, naye ameanza kujua miguu ya L. Kuna daftari la kurasa zilizopigwa mistari, kila mteja ana ukurasa na vitu anavyovitafuta. Mimi kwangu kumebaki mstari mmoja ambao haujakatwa: senti ishirini, mnazi, 1908. Mwezi uliopita nilipoingia, binti alilifungua daftari kabla sijakaa, akaupitishia kidole mstari wangu, akasema, "Bado, kaka," akaenda kuleta kahawa.