Gowon hakuuawa
Hapana ndugu, wewe unayesema kwamba Jenerali Yakubu Gowon, mtawala wa zamani wa Nigeria, aliuawa alipopinduliwa: hakuuawa. Alipopinduliwa tarehe 29 Julai 1975 alikuwa Kampala kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na Murtala Mohammed akashika nchi. Gowon akaenda Uingereza, akasoma Chuo Kikuu cha Warwick mpaka akapata shahada ya uzamivu. Huyo ni mtu aliyeanza kuitawala Nigeria mwaka 1966 akiwa luteni kanali wa miaka 31 tu! Kinachonigusa zaidi ni Januari 1970: Biafra, eneo la mashariki lililokuwa limejitenga na Nigeria na kupigana nayo vita, iliposalimu amri, alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Njaa ya vita ile iliua watoto wengi mno, hilo halifutiki. Lakini waliosalimu amri hakuwanyonga.