Ukitaka fenda pana, anza na tairi kwanza

Wadau wa magari, tangu Toyota Altezza yangu ianze kuonekana barabarani imetanuka mbavu, wengi wananiuliza fenda pana (vile vifuniko vya faibaglasi vinavyotanua bodi juu ya tairi) nimezipata wapi na zimenigharimu bei gani. Nawaelewa kabisa, ila fenda ndo kitu cha mwisho kununua kwenye kazi hii. Fenda inafuata tairi. Kinachoamua itanuke kiasi gani ni rimu utakayovaa, saizi ya tairi na kimo cha gari, sasa mtu anaagiza seti nzima ya fenda kutoka nje wakati rimu bado hajui itakuwa ipi, halafu ikifika tairi limezama ndani kama kidole kwenye kiatu cha baba na hela imeshaenda.

Na hata huko mambo haya yalikoanzia haikuwa urembo. Miaka ya 1970 magari ya mashindano yalitanuliwa bodi ili yabebe matairi mapana yanayoshika lami vizuri, Wajapani ndo wakaja kuyashusha mpaka mtaani, watu kama Kei Miura wa Rocket Bunny, Wataru Kato wa Liberty Walk na Akira Nakai wa RWB (RAUH-Welt Begriff) anayekata Porsche za watu kwa mikono yake mwenyewe. Angalieni picha za kazi zao, tairi limejaa kwenye fenda mpaka ukingoni, na hapo ndo uzuri wote ulipo.

Sasa tupige hesabu, hapa naomba mtulie. Altezza RS200 inatoka kiwandani na rimu ya inchi 17 upana inchi 7, ET50, tairi 215/45. Hiyo ET ni umbali kwa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na pale rimu inapokalia haba, yaani kitovu kinachofungwa tairi. Tuseme unataka 17 kwa upana wa 9, ET20. Chukua upana gawa kwa mbili halafu toa ET: nusu ya inchi 7 ni kama mm 89, toa 50 inabaki 39. Nusu ya inchi 9 ni kama mm 114, toa 20 inabaki 94. Kwa iyo mdomo wa rimu mpya umetoka nje mm 55 zaidi ya ule wa zamani. Upande wa ndani badala ya kutoa unajumlisha, 139 kwa ya zamani na 134 kwa mpya, maana yake ndani umepata nafasi ya mm 5 na tairi halitasugua shokapu kirahisi. Kwa hesabu hiyo fenda yako ni ya kutanuka mm 50 mpaka 60 basi, ya mm 80 achana nayo hata kama picha yake inakuvutia namna gani. Na ujue kabisa kadiri rimu inavyotoka nje ndo beringi za haba zinavyobeba mzigo mkubwa zaidi, na usukani utausikia unavuta kwenye barabara yenye mifereji, iyo ni bei ya mchezo huu na inabidi uikubali kabla hujaanza.

Ukishapata rimu na tairi zenyewe mkononi, shusha gari kwenye kimo utakachotembelea kila siku. Sio kimo cha picha, kimo cha matuta yetu haya na watu wanne ndani. Kisha toa springi, rudisha shokapu peke yake, funga tairi, weka jeki chini ya mkono wa chini unaoshika tairi na upandishe taratibu mpaka shokapu ifike mwisho huku mtu mwingine anazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Kila tairi linapogusa bati piga alama ya chaki. Kazi hii inachosha na mafundi wengi wanaikwepa, wanakwambia bosi tutakata tukiona, lakini zile chaki ndo ramani yako yote ya kukata, bila hizo unabahatisha.

Mbele hakuna shida sana, fenda imefungwa kwa bolti, unaitoa nzima. Kazi iko nyuma. Bati la nyuma limechomelewa na ni sehemu ya bodi yenyewe, halafu ni mabati mawili, la nje unaloliona na la ndani linalofunika tairi, yanakutana pale kwenye ukingo wa upinde na kuunganishwa kwa pointi za moto. Ukikata ule ukingo umeyaachanisha. Nimeona magari mazuri kabisa ambayo fundi alikata, akafunika na faibaglasi juu, akaacha pengo wazi huku ndani, watu wakasifia. Mvua za masika zikija maji na tope vinaingia mle kila siku, na kwa sisi tunaoishi karibu na chumvi ya bahari kutu inakula haraka, na bodi pale imepoteza nguvu. Namna sahihi ni kukata bati la nje kwanza kufuata chaki, la ndani uliache refu, ulikate vipande vipande kama meno, kila jino ulipinde likutane na la nje, halafu uchomelee mzunguko wote kwa mashine ya MIG (ile ya waya na gesi), kidogo kidogo huku unaruka sehemu ili bati lisijikunje kwa joto. Baada ya hapo praima ya zinki, silanti ya bodi kwenye maungio yote, ndo upake rangi nzito ya chini ya gari.

Kabla ya cheche ya kwanza, toa siti za nyuma, kapeti na nyaya zote zinazopita hapo, chomoa betri, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Upande wenye mdomo wa tenki bomba la mafuta linapita nyuma ya bati hilo hilo. Nasisitiza jamani, hapo msicheze.

Kwenye gari la milango minne kuna jambo jingine. Ukingo wa mlango wa nyuma unaingia kwenye upinde wa tairi, kwa iyo fenda ya nyuma lazima iwe vipande viwili, kimoja kwenye bodi kimoja kwenye mlango, na mstari wa kukutania uache uwazi wa kama mm 4 au 5. Kifunge, fungua mlango mpaka mwisho, shusha kioo chote, maana skrubu ndefu huko ndani inaweza kugusa kioo. Ukihakikisha ndo uendelee.

Faibaglasi yenyewe sio lazima itoke Japani, mafundi wazuri wapo hapa hapa Dar. Angalia unene uwe sawa kila mahali, gonga kwa kidole usikie kama kuna sehemu ina hewa. Panga fenda kwa maskingi tepu, simama mbali, pima kushoto na kulia, ndo utoboe. Mimi napendelea rivinati za M6 (nati zinazobanwa kwenye tundu la bati ili zipokee bolti) na washa pana kuliko gundi, siku ukigongwa na bodaboda unafungua kipande kimoja tu. Na usikimbilie rangi, acha zikae zimefungwa kwenye gari juani siku kadhaa, faibaglasi mpya bado inajivuta. Zioshe na degriza kabla ya msasa kuondoa nta ya kwenye moldi, la sivyo rangi itafanya macho ya samaki, yaani vitundu vidogo vya duara.

Siku ya kwanza kutembea, nati za tairi kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), Altezza ni Nm 103, rudia baada ya kilomita 100. Beba watu nyuma, pita kwenye tuta unalolijua, halafu ingia chini na tochi uangalie bati la ndani kama lina mng'aro wa kusuguliwa. Na kampuni yako ya bima waambie gari limebadilishwa, wapelekee na picha.