Mtoto analia sikio kila akitoka kuogelea: kwa sasa usimtie kitu

Dada mleta mada, umesema mwanao wa miaka tisa ameanza kufunzwa kuogelea likizo hii hapa Kisumu. Sikio la kulia lilianza kumwasha, sasa linauma hata akilalia mto, anasikia kama limezibwa, na asubuhi unakuta majimaji kwenye foronya. Umeuliza umtie nini. Waliokujibu hapo juu wamekutajia siki, mafuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu, haidrojeni peroksaidi, maziwa ya mama anayenyonyesha, na mdau mmoja amekushauri umtoe kabisa kwenye maji. Mimi hufundisha watoto kuogelea mjini humu, na kila likizo ya Aprili, Agosti na Desemba hukosi mtoto mmoja au wawili wanaokuja wameshika sikio. Niruhusu nijibu kwa kirefu.

Kwa leo usimtie chochote. Hata hiyo siki ambayo mimi mwenyewe huitetea, nitaieleza huko chini, si ya sikio ambalo tayari linauma na kutoa maji. Mpe parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo cha umri na uzito wake, usiruhusu maji yaingie tena, na kesho mpeleke aangaliwe.

Usiku huu unaweza kujipa mwanga kidogo. Shika sikio lake la nje, ulivute polepole kwenda juu na nyuma. Halafu bonyeza kile kinundu kigumu kilicho mbele ya tundu, upande wa shavu. Akiruka kwa maumivu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ugonjwa uko kwenye njia ya sikio, upande huu wa nje wa kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa njia hiyo. Hilo ndilo sikio la waogeleaji. Akikuachia uvute na kubonyeza bila kulalamika, lakini ana homa na amekuwa na mafua, basi huenda shida iko nyuma ya kiwambo, na hiyo hupandia puani na kooni, haitoki bwawani. Matibabu yake ni tofauti. Kipimo hiki hakimwondolei daktari kazi yake, ila kitakusaidia kumweleza vizuri utakapofika.

Sasa kwa nini maji safi ya bwawa yamtie mtoto usaha? Njia ya sikio ya mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, ya mtoto ni fupi zaidi, nayo imepinda, kwa hiyo maji yakifika ndani hayatoki kirahisi. Ngozi yake huko ndani ni nyembamba na imelala karibu kabisa na mfupa. Kinachoilinda ni nta, hii tunayoiita uchafu. Ina mafuta yanayozuia maji kulowesha ngozi, tena ina uchachu ambao vijidudu vingi havipendi. Maji yakikaa humo kila siku, nta inakwisha, ngozi inavimba na kulainika, uchachu unapungua, na bakteria, hasa Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus, wanapata pa kukaa. Mwanzo ni mwasho tu. Mtoto anakuna kwa ukucha, ngozi inachubuka, basi. Kwa kuwa nyuma ya ngozi hiyo kuna mfupa, uvimbe mdogo tu hauna pa kwenda, ndiyo maana maumivu ni makali kuliko unavyotarajia ukiangalia kwa nje.

Hapo ndipo nina ugomvi na vijiti vya pamba. Wazazi wengi wanaoniletea watoto ni watu nadhifu kweli kweli, na Jumamosi baada ya kuoga lazima sikio lisafishwe hadi pamba itoke nyeupe. Mtoto huyo anaingia bwawani Jumatatu bila kinga yoyote, na mikwaruzo juu. Afadhali mtoto ambaye mama yake hana muda. Na vijiti vya pamba ndivyo vya heshima; nimeona kifuniko cha biro, njiti ya kiberiti, ufunguo wa kufuli, na kule nyumbani kwa wazee unyoya wa kuku, ambao naukubali ni mtamu sana. Sikio halihitaji lolote kati ya hayo. Ngozi ya ndani husogea yenyewe kuelekea nje na kubeba nta iliyozeeka; unachopaswa kupangusa ni kile kilichofika mlangoni, kwa kitambaa kilichofunika kidole.

Joto la kwetu nalo halisaidii. Kisumu mtu anatoka jasho saa tatu asubuhi, na sikio lenye unyevu linabaki na unyevu. Mabinti waliosuka hupata zaidi, nami huwaona: rasta zimelowa, zinadondosha maji kwenye masikio njia nzima hadi nyumbani. Wakamue nywele, wazifunge juu. Mwenye pumu ya ngozi, anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia, au kijana anayeshinda na spika za masikioni chini ya helmeti ya bodaboda, wote wanaweza kuupata ugonjwa huu bila kuogelea hata siku moja.

Tuje hospitalini. Huhitaji kuanzia kwa bingwa. Afisa wa kliniki mwenye kile kifaa chenye taa cha kuchungulia sikio anatosha, mradi akitumie. Kama mtu anakuandikia dawa bila kuchungulia, mwombe kwa adabu achungulie. Anatakiwa kuona mambo mawili: njia imevimba kiasi gani, na kiwambo ni kizima au kimetoboka. Hilo la pili ndilo linaloamua dawa. Matone yenye neomaisini au jentamaisini yakipenya kwenye kiwambo kilichotoboka yanaweza kuharibu usikivu, ilhali yale ya siprofloksasini au ofloksasini ni salama zaidi hapo. Ndiyo sababu sipendi mtu anayesimama kwenye dirisha la duka la dawa akisema, “Nipe ya sikio.” Yapo pia matone yaliyochanganywa na steroidi ya kushusha uvimbe, nayo hufanya kazi nzuri.

Usishangae ukikosa kupewa vidonge vya antibiotiki. Wazazi hulalamika sana juu ya hili, wanaona wamepunjwa. Kwa sikio la waogeleaji la kawaida, matone yanafikisha dawa mahali penyewe kwa nguvu ambayo kidonge hakiwezi kuifikia. Vidonge au sindano ni kwa ugonjwa uliotoka nje ya njia ya sikio, au mgonjwa ambaye mwili wake una udhaifu mwingine. Kama usaha umejaa, anayemtibu ausafishe kwanza kwa kifaa cha kunyonya, maana dawa juu ya usaha inaishia kwenye usaha. Na kama njia imefunga kabisa, huwekwa utambi mdogo ndani ya sikio, unadondoshewa matone, unayanyonya na kuyafikisha ndani. Utambi huo usiuchomoe nyumbani.

Kutia matone nako kuna namna yake, na wengi hawaelezwi. Shika chupa mkononi dakika chache ipoteze ule ubaridi wake, kwa sababu tone baridi humfanya mtoto ahisi kizunguzungu na kesho atakukimbia. Mlaze ubavu, sikio gonjwa juu. Kwa umri wa mwanao livute juu na nyuma ili njia inyooke. Kwa mtoto mchanga huvutwa chini na nyuma. Tia matone uliyoandikiwa, kisha bonyeza-bonyeza kile kinundu cha mbele taratibu ili yashuke. Akae hivyo dakika tatu hadi tano. Usizibe kwa pamba baadaye, labda daktari aseme. Maumivu yanatakiwa yaanze kupungua ndani ya saa 48 hadi 72. Yakikataa, rudi. Yakipungua, endelea na dawa mpaka siku ulizoandikiwa ziishe, kwa kawaida kati ya saba na kumi, hata kama mtoto anarukaruka siku ya tatu. Wakati wa kuoga, chukua pamba, ipake mafuta ya mgando, weka mlangoni mwa sikio, usiisukume ndani.

Sikio ambalo linawasha kuliko linavyouma, lina vitu vyeupe kama ukungu au vidoa vyeusi, na hasa limekwisha kutiwa matone ya antibiotiki kwa muda mrefu, huwa ni kuvu. Kuongeza antibiotiki hapo ni kuilisha hiyo kuvu. Linasafishwa na kupewa dawa ya kuvu kama klotrimazoli.

Kuna kundi moja silifanyii mzaha. Mzee mwenye kisukari, au mtu yeyote ambaye kinga yake ni dhaifu, akipata maumivu ya sikio yanayomkesha usiku na matone hayasaidii, asingoje. Maambukizi yanaweza kuingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Nilikuwa na mzee mmoja aliyekuja kufanya mazoezi ya maji kwa sababu ya magoti, sukari yake haikuwa imetulia, akajitibu sikio kwa matone ya jirani hadi mdomo ukaanza kwenda upande mmoja. Alilazwa, na dawa za mshipani alizipata kwa wiki nyingi. Alipona, ila uso ulichukua muda kurudi. Uso kupinda, homa kali, uvimbe na wekundu nyuma ya sikio au sikio lenyewe kusukumwa mbele, hayo yote ni ya siku hiyo hiyo, kwa mtoto au kwa mzee.

Sasa siki. Kwa masikio mazima, kama kinga, ipo na ina mantiki: siki nyeupe ya dukani na spiriti ya hospitali, kiasi sawa kwa sawa. Spiriti hukausha maji yaliyobaki, siki hurudisha uchachu. Matone machache kila sikio baada ya kutoka majini, inamisha kichwa yatoke. Spiriti iwe ile ya kusafishia kidonda, si ile ya kuwashia jiko. Ni marufuku kwa mtoto aliyewahi kutoka usaha sikioni, anayejulikana ana tundu kwenye kiwambo, aliyewekewa vijineli (vibomba vidogo vya kwenye kiwambo) masikioni, au ambaye sikio lake linauma sasa hivi. Huku kwetu watoto ambao sikio limekuwa likitoa usaha tangu utotoni ni wengi, na nyumbani wanasema ataacha akikua. Mwenye sikio hilo aonwe kabla ya kuvua nguo kuingia bwawani. Vitunguu saumu, maziwa ya mama na peroksaidi viacheni jikoni na kabatini.

Kusema kweli wanafunzi wangu wengi hawahitaji hata hiyo siki. Wakitoka majini nawapanga kando ya bwawa, kila mmoja anainamisha kichwa kulia, anavuta sikio huku na huku njia inyooke, maji yanatoka ya moto, kisha kushoto. Wanafuta kwa ncha ya taulo kavu. Mwenye draya ya nywele nyumbani aiweke kwenye joto la chini kabisa, umbali wa kama sentimita 30 kutoka sikioni. Vizibo laini vya silikoni na kofia ya kuogelea vinafaa kwa anayerudiwa na ugonjwa mara kwa mara; vizibo vigumu vya bei rahisi huchubua.

Uliza pia bwawa lenyewe. Nimewahi kuondoa darasa langu kwenye bwawa moja ambalo mwenyewe alikuwa anamwaga dawa kwa kukisia. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, inatakiwa isipungue sehemu 1 kwa milioni, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8, vile vikaratasi vya kupimia hutoa jibu papo hapo, na mhudumu anayejua kazi hatakasirika ukimuuliza. Harufu kali inayochoma macho si dalili ya usafi. Ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Waambie watoto wapitie bafuni kwanza, na wasikojoe humo (wanakojoa, lakini waambie).

Kwa hiyo sikubaliani na aliyesema umtoe kabisa. Mji huu uko kando ya ziwa, na mtoto asiyejua kuogelea yuko kwenye hatari kubwa kuliko ya sikio. Mpumzishe siku saba hadi kumi, na arudi dawa ikiwa imekwisha, sikio halitoi kitu na halilalamiki ukilivuta. Mwambie mwalimu wake alikuwa na nini.

Na wewe uliyeuliza kama ni salama zaidi kuogelea ufuo wa Dunga kwa sababu ziwani hakuna kemikali: kwa sikio, hapana. Mvua ikinyesha, mito ya Kisat na Auji hushusha maji taka ya mji ziwani, na penye magugumaji, maji hayatembei. Zaidi ya sikio kuna kichocho, ambacho hupenya ngozini, na hakuna taulo la kukikausha. Kama wewe na vijana wako mmekuwa mkioga huko, nendeni mkapimwe choo na mkojo. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli, na idadi hutolewa kulingana na uzito au urefu.